Nambari Ubaoni

Kabla ya mapambazuko, kifuniko cha sufuria kilitetemeka juu ya mbabula, jiko la makaa, na Kambo Mianda akakiinua upesi kisimwamshe mtu. Kisha akakumbuka kwamba hakuna aliyelala. Mjukuu wake, Jémima, alikuwa bado mbele ya kompyuta. Dada yake Jémima, Tatiana, alikuwa hospitalini. Alijifungua jana na damu haikomi. Muuguzi alisema bila kuficha: damu ya kundi lake ni adimu, na asipopatikana mtu wa kumpa kabla ya saa nne asubuhi, jamaa wajiandae.

Ukurasa wa wachangia damu wa Kolwezi aliutengeneza Jémima mwenyewe. Simu yake, yenye nambari ya zamani ya ukurasa huo, iliibwa juzi. Jana aliweka ukurasani nambari mpya, lakini hakuna aliyepiga.

"Angalia, Kambo. Nikifungua, numero ya mupya. Nikifungua tena, ya zamani! Mi nitakufa."

"Usitaje kufa mu hii nyumba. Nani anabadirisha?"

"Mu seva muko kama batumishi bane. Kila mwenye kufungua page, mumoja anamujibu. Mi niliambia mumoja tu. Bale batatu bangali na ya zamani mu kichwa. Na nikizima seva, ata ule mumoja anasahau."

Kambo alikasirika. "Unaambiaka batu mu sikio, moja-moja? Ata ku chorale ya kanisa hatufanyake vile! Numero ya mwimbo inaandikwa ku ubao. Mwenye kuchelewa anaangalia ku ubao. Mwenye kusinzia, ku ubao."

Jémima aliigeukia kompyuta. Halafu vidole vikaanza kukimbia. Aliiandika nambari mahali pamoja pa kudumu, katika hifadhidata, akawaamuru watumishi wote wanne wasome hapo kabla ya kumjibu yeyote. Akafungua ukurasa mara ishirini. Mpya, mpya, mpya. Akaizima seva, akaiwasha, akafungua tena. Mpya.

Jua lilikuwa limechomoza simu ilipolia. Alikuwa Sadrack, mchimbaji wa shaba.

"Mama, tangu jana napiga, inakataa! Sasa hivi nimefungua tena, naona numero ingine. Kundi mumeandika ni ya kwangu. Damu ingali inatakiwa?"

"Kuya, tata! Kuya mbio!" Jémima akamsihi baba huyo aje.

Alifika hospitalini kwa pikipiki kabla ya saa nne, vumbi jekundu hadi kwenye nyusi. Mlangoni alivua viatu, asichafue sakafu iliyotoka kupigwa deki. Kambo, aliyekuwa ametangulia kufika pale, aliliona hilo, akageuza uso afute macho.

Saa sita mchana, damu ya Sadrack ikiwa imeshaingia mwilini mwa Tatiana, muuguzi akatamka: mama huyu ameponea chupuchupu. Midomo ya Tatiana ilikuwa bado myeupe alipomshika mgeni mkono.

"Tata Sadrack, mutoto analala, hajakuona. Urudie kutuona. Ata kesho."