Freidl Aliimba Bila Ala

Haya yote ni kweli tupu. Likipatikana neno moja nililoongeza, nitalilisha benchi zima la nyuma la sinagogi letu samaki wa chumvi na vitunguu, nivimenye mwenyewe. Freidl Roitman aliimba akiwa amekufa, kwa sauti nne kwa mpigo, zote zake.

Pasaka ilikuwa imeisha juzi. Ilikuwa jioni, siku ya nane ya zile siku arobaini na tisa tunazozihesabu moja moja kutoka Pasaka hadi sikukuu inayofuata, na Getzel Roitman alikuwa jikoni akifukiza kofia. Ndiyo kazi yake. Watu wa mtaa wetu wa Yerusalemu humletea kofia nyeusi zilizokaliwa na zilizonyeshewa, naye huzishika juu ya birika linalochemka hadi zikumbuke umbo lao. Kazi hiyo imemwachia kikohozi kifupi kinachokuja kinapotaka. Vyombo vya Pasaka vilikuwa vimeoshwa na kurudishwa kwenye kabati la juu, na mlango umezungushiwa utepe, maana vyombo hivyo havikutani na kombo la mkate wala chochote cha unga hadi mwaka mwingine. Humo ndani ya kabati mkewe, aliyekufa wakati wa baridi, alianza kuimba.

Getzel alipunguza moto ili birika lisimwingilie. Sauti aliijua, ingawa hakuwa ameisikia ikiimba kwa miaka arobaini na moja. Mwaka wa kwanza wa ndoa yao Freidl aliimba kila Alhamisi akikanda mkate wa Sabato, dirisha wazi. Wanaume waliokuwa wakisoma Torati ng'ambo ya ua wakaleta kikaratasi: sauti ya mwanamke inawapotezea ukurasa. Getzel akamwomba mkewe afunge dirisha. Kikaja kikaratasi cha pili, akamwomba apunguze. Cha tatu hakikuhitajika.

Kesho yake binti yao Mindl alikuja na supu. Alisikiliza akiwa bado ameshika sufuria.

"Ni mama."

"Ni yeye."

"Tumfungulie, baba?"

"Vyombo vya Pasaka, Mindl? Na wewe hapo umebeba tambi?"

Mindl akaitazama sufuria, akarudi nyuma hatua mbili.

Lakini Getzel hakuwa na raha. Siku hizo za kuhesabu ni za maombolezo: hapana harusi, hapana kunyoa, hapana muziki hadi siku ya thelathini na tatu, kwa ajili ya wanafunzi waliokufa kwa tauni zamani hizo. Yeye kilio chake kwa mkewe alikwisha kukimaliza. Sheria humpa mjane mwanamume siku thelathini tu. Mindl, kwa mama yake, alikuwa na miezi kumi na miwili. Getzel alitaka jambo moja: kukaa kwenye kigoda chake jikoni kila jioni amsikilize Freidl, na asiwe mkosaji kwa kufanya hivyo. Akaenda kwa Rabi Zilberfarb.

"Rabi, kuimba bila ala siku hizi, kunafaa?"

"Reb Getzel, watu wazima wamenuniana kwa swali hilo. Kwenye redio au kwenye kanda?"

"Kwenye kabati."

Rabi akaandika *kabati*. "Anaimba nani?"

"Freidl."

"Amani iwe juu yake," rabi akasema. "Ana ngoma?"

Getzel hakuwa amelifungua kabati aone. Rabi naye hakuweza kwenda kumsikiliza mwanamke asiye wake akiimba, kwa hiyo alimpeleka mkewe, Perl. Perl aliingia jikoni akafunga mlango. Rabi na Getzel wakangoja ngazini, rabi ameziba masikio kwa vidole. Perl alikaa humo hadi chai waliyoletewa ikapoa, akatoka na macho mekundu.

"Zipo ala?" rabi akauliza.

"Hakuna ala."

"Mbona nimesikia dum-dum?"

"Si ulikuwa umeziba masikio?"

"Dum-dum inapita."

"Anaipiga kwa midomo. Anavuta pumzi katikati. Umeona wapi ngoma ikavuta pumzi?"

Rabi akaliandika na hilo. Akauliza sauti ni ngapi, Perl akanyanyua vidole. Na mimi nasema vilikuwa vinne. Rabi hakuuliza Freidl anaimba nini. Perl alingoja kidogo kama ataulizwa, kisha akakaza kitambaa chake cha kichwa, akashuka.

Rabi Zilberfarb alikaa na vitabu siku mbili. Siku ya tatu alipanda mwenyewe kwa Getzel, adhuhuri, kabati likiwa kimya. Mindl alikuwepo.

"Kinachopumua si ala," alisema rabi. "Kwa upande wa siku za kuhesabu, inaruhusiwa."

Getzel akaketi kwenye kigoda chake palepale, kama mtu aliyefika nyumbani.

"Na Mindl, ingawa yumo ndani ya mwaka wake, anayeombolezwa ndiye anayeimba. Siwezi kumkataza mtu kwa heshima ya mama yake asimsikilize mama yake. Wanawake wengine nao waje." Rabi akavua miwani. "Wewe, Reb Getzel, utatoka nje."

"Mimi ni mumewe."

"Sheria inakuruhusu kuoa sikukuu tatu zikipita. Kama unaweza kuoa, huyu si mkeo tena. Na mwanamke asiye mkeo..." Akaipangusa miwani. "Nilikula kwenye harusi yenu. Nimetafuta kila rafu, Getzel. Na dirisha lifungwe, ng'ambo kuna wanaosoma."

"Dirisha lilelile?" akasema Mindl. "Miaka arobaini na moja, rabi! Hakuna aliyewahi kumuuliza anataka kuimba nini. Leo amekufa, tunauliza kama ana ngoma."

"Lilelile," rabi akasema, na hakuonekana kulifurahia. Getzel mwenyewe ndiye aliyeinuka akalifunga. Mkono wake ulilijua komeo.

Basi wanawake wa mtaa wakawa wanakuja kila jioni na vigoda vyao, wengine na soksi za kufuma, mmoja na maharage ya kuchambua. Getzel alihamishia jiko dogo, birika na kofia zake ngazini, na Freidl alipoanza kuimba, yeye alivuta kofia mojawapo hadi chini ya masikio. Wapita ngazi walimzunguka. Siku ya thelathini na tatu ilipofika moto ukawashwa kila kiwanja, zumari na ngoma zikatoka, wanaume wakacheza mpaka vumbi likapanda ghorofani. Madirisha yote yalikuwa wazi isipokuwa moja. Hesabu ikaisha, sikukuu ikapita, Freidl akaendelea. Watu wakaanza kupanga chakula cha jioni kwa kumfuata.

Nilifika hapo katika kusimulia Sabato iliyopita, benchi zima la nyuma likinisikiliza, Fishl mtunza sinagogi aliponikatiza.

"Nne?"

"Nne."

"Mke wangu yumo jikoni mle tangu jioni ya kwanza. Freidl anaimba tatu. Ile ya chini kabisa anaiacha wazi, kama mtu aliyemwekea mwenzake kiti."

"Perl alinyanyua vidole vinne!"

"Vitatu. Cha nne alikuwa anafutia jicho."

"Na hiyo ya nne wanayoisikia wake zetu wote?"

"Ilianza jioni ile Getzel alipotolewa. Inatoka ngazini, chini ya kofia. Nawe mzee mzima, umesikia wapi maiti akakohoa?"

Benchi lote likanigeukia. Mbele yetu Rabi Zilberfarb, ambaye masikio yake ni mazima ajabu asipoyaziba, alifungua kitabu ambacho hakuwa anakisoma.

"Kinachopumua si ala," alisema, akafunua ukurasa.

Nimelipa. Samaki wawili wakubwa, vitunguu sita, na Fishl akaomba mkate wa kuchovyea. Sahani ya Getzel nilimpelekea mwenyewe, jioni. Dirisha lilikuwa limefungwa. Mlango wa jikoni nao umefungwa, na nyuma yake Freidl alikwisha kuanza, kwa hiyo nikashuka haraka kama sheria inavyotaka, si haraka sana. Getzel alikula kipande kimoja, akafuta midomo, akavuta kofia hadi masikioni, akangoja zamu yake.