Mlango wa Ghorofa ya Tatu

Mkaguzi wa milango ya moto alipiga magoti juu ya ngazi za ghorofa ya tatu, akapitisha vidole viwili chini ya mlango wa korido. Vikapita vyote bila hata kukwaruzika. Sababu alishaijua. Fundi vigae alikuja baada ya seremala, akainua sakafu, mlango ukagoma kufunga. Seremala akaitwa tena, akaukata chini, na akazidisha kidogo ili asije akaitwa mara ya tatu. Bora liende. Jengo zima lilikuwa hivyo, na mlango wa kuzuia moto ukishakatwa chini unabaki mlango tu, mzito na wa bei mbaya.

Alisimama, akaufungua aone kama unajirudisha wenyewe. Ndani ya korido alikuwa amekaa mdogo wake wa kike, mgongo ukutani, amevaa gauni la kulalia, masizi usoni, nywele zimeungua upande mmoja. Alikuwa bado hajahamia jengo hili. Mizigo yake ilikuwa ije Jumamosi.

"Shikamoo, kaka," alisema, akakohoa.

"Marahaba. Umefika lini?"

"Tangu walipomaliza vigae. Moshi ulipanda ngazi, ukapita hapo chini."

"Na mtoto?"

"Nimemlaza bafuni. Usimwamshe."

Mkaguzi hakumwamsha. Alimpigia simu mdogo wake yule yule, ambaye muda huo alikuwa kule alikopanga, anafunga sahani kwenye magazeti. Alimweleza yote. Mdogo wake alisikiliza, kisha akauliza amevaa gauni lipi.

"La bluu."

"Basi nisilipakie chini kabisa." Akafunga sahani nyingine. "Kaka, huku nimeshaaga. Mwenye nyumba ameshapata mpangaji mwingine. Niende wapi na mtoto?"

"Njoo kwangu."

"Kwako mnalala mpaka jikoni. Acha utani."

Msimamizi wa ujenzi alipopanda, alimsalimia yule aliyekaa koridoni, akainama na kuupima mlango kwa vidole vyake mwenyewe. Alikuwa mtu muungwana, hakubisha kwamba pengo lipo.

"Hawa wako hata kwenye lile jengo la mwaka jana," alisema. "Hawasumbui. Hata maji hawatumii."

"Ibadilishwe milango."

"Milango mipya ni miezi, na watu wanaingia Jumamosi. Funika kombe mwanaharamu apite, bwana."

Mkaguzi aliandika kwamba mlango haufai. Alasiri bosi wake akaandika kwamba unafaa, akaja na kubandika kibandiko cha kijani kwa mkono wake. Hakugomba. Aliuliza tu kama mkaguzi anapata usingizi siku hizi. Mkaguzi aliitafuta hasira, maana hapo ndipo mahali pake, lakini hakuipata. Ndani alikuwa amekufa ganzi, kama mkono uliolaliwa. Akajibu kwamba usingizi anaupata, akaenda jengo linalofuata.

Jumamosi alikuja kusaidia kubeba. Lifti ilikuwa haijaunganishwa umeme, kwa hiyo kabati la nguo lilipandishwa kwa ngazi, yeye chini, mdogo wake juu, wakipumzika kila kona na kulaumiana. Walipofika ghorofa ya tatu, yule mwenye masizi aliinuka, akaufungua mlango na kuushikilia kwa mgongo ili wapite.

"Asante, mwaya," mdogo wake alimwambia.

"Pole na kazi. Angalieni hiyo kona, ina ncha."

Mtoto alikuwa nyuma yao na begi lake la midoli. Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akamchagua wa mlangoni.

"Mama, na mimi niko wapi?"

"Uko bafuni, umelala."

Mtoto akaenda kuangalia. Wao wakatua kabati kumsubiri, kwa sababu lilikuwa limeziba njia. Hakukawia. Alirudi akigusa ufizi wa mbele kwa ncha ya ulimi, mahali jino lilipong'oka Jumatatu ya wiki hiyo.

"Ana pengo hili hili," alisema.

Mdogo wake mkaguzi alimtazama mtoto kinywani, halafu akamgeukia kaka yake.

"Jino jingine huota baada ya muda gani?"

"Miezi michache," alisema mkaguzi.

"Basi ni kabla halijaota. Haya," alisema mdogo wake. "Shika huko chini, kaka, linaniteleza."

Akashika.