Sahani ya Jenifer

Tangu Agosti Loveday aliomba ruhusa ya siku moja tu, ile ya mwisho wa Oktoba, na Bwana Hocking, mwenye duka la mikate, akakubali. Asubuhi ya siku yenyewe akageuza kauli.

"Kerensa ana sherehe ya watoto kanisani," alisema huku akipanga trei. "Utashika kaunta mpaka tufunge."

"Lakini bosi, ulishanikubalia. Ni sikukuu yetu."

"Sikukuu gani, binti? Hiyo ni Halowini, watoto kujivika uchawi tu. Kanisa ni kanisa."

Kerensa, mfanyakazi mwenzake Loveday, alikuwa akipaka sukari ya kijani kwenye biskuti zenye sura za wachawi. Akacheka. "Kofia mpe yeye, bosi. Mwenye kazi yake si huyu hapa." Akamvika Loveday kofia nyeusi yenye ncha. "Ila usiniroge, mpenzi. Nina watoto wadogo."

Loveday alimeza maneno. Alishayameza mengi dukani mle. Alikuwa Mpagani kama mama yake, wa dini ya kale ambayo wenzake waliiita uchawi, na mama yake alifariki mwezi wa Machi. Kwao, jua la siku hii likizama, marehemu wa mwaka huo huwekewa sahani mezani na jamaa zake hula naye kimya mpaka mlo uishe. Neno moja likitamkwa, mlo umeharibika. Marehemu huondoka na njaa yake, na kumwalika tena ni hadi mwaka mwingine. Na mama yake, Jenifer, hakuwa na mtoto mwingine wa kumlisha.

Basi, kama hawezi kwenda nyumbani, mama atamfuata kazini. Alioka pasti mbili, mikate ya kukunjwa yenye nyama na viazi ndani, moja akaichora J ya jina la mama pembeni, kama watu wa kwao Cornwall wanavyotia alama chakula cha mtu. Jua lilipoanza kuzama nyuma ya paa la posta, akaiweka ile yenye herufi kwenye sahani nyuma ya kaunta, akamega yake, akafunga mdomo.

Wateja aliwahudumia kwa kichwa na mikono.

"Mchawi kameza ulimi leo," alisema mmoja, na wenzake wakacheka wakidhani ni mchezo wa duka. Mzee Nance, aliyekuja na mbwa wake, akampiga picha. Loveday alitafuna polepole. Kilibaki kipande kidogo tu.

Bwana Hocking akatoka jikoni na kitambaa begani, akaiona sahani.

"Ya nani hii?"

Loveday akamtazama.

"Nakuuliza, binti. Ya nani?" Akangoja. "Haina mwenyewe? Haya, Mzee Nance, mpe mbwa wako." Akaiinua pasti.

"Ya mama," Loveday alisema.

Wateja wakageuka.

"Mama yako si alikufa?" Bwana Hocking aliuliza.

"Alikufa. Na alikuwa anakula."

Mzee Nance akakohoa, akajifanya anasoma bei za mikate. Bwana Hocking akairudisha pasti taratibu, kana kwamba kuirudisha kungetosha.

Kwa kuwa kimya kilikwisha vunjika, Loveday akasema na yaliyobaki: ya Agosti, ya kofia, ya kila Jumapili anayowashikia wenzake zamu waende kanisani. Bwana Hocking akamnong'oneza apunguze sauti, wateja wanasikia.

Hakupunguza.