Mwimbaji Aliyeegemea Mlangoni

Nyumba ya Salim na mkewe Mwanarusi pale Ruiru ilikuwa ya vyumba viwili tu, na kimoja kilikuwa cha stereo. Mgeni alilijua hilo mara tu alipokanyaga ndani. Spika mbili za mbao zilisimama mbali na ukuta, mtu akilazimika kupita ubavuubavu. Kochi lilikuwa moja, nalo lilikuwa la Salim. Kabati la vyombo la Mwanarusi lilikuwa limehamishiwa chumba cha kulala, likabanana na kitanda.

"Siku hizi tunalala na sahani," Mwanarusi aliwaambia majirani, nao wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Salim alikuwa mfumaji katika kiwanda cha nguo, Eneo la Viwanda Thika. Ujana wake wote ulikuwa umeishia kati ya mitambo yenye kelele za ajabu, hata wafanyakazi wakawa wanaongea kwa midomo na vidole. Akirudi nyumbani alitaka kusikia kitu kilichopangika. Alipenda rumba, na alikuwa na santuri zake alizozifuta vumbi kama mtu anayepangusa uso wa mtoto. Ampulifaya, mashine ya kukuzia sauti, aliipata kwa mwalimu mmoja aliyekuwa akihama Thika. Spika alitengenezewa na rafiki yake Kagwe, fundi wa redio mwenye kibanda karibu na stesheni ya Ruiru.

Kagwe ndiye aliyemfungua macho. "Spika zikigusa ukuta, besi inavimba inafunika kila kitu," alimwambia. "Zivute mbele. Zigeuze kidogo zikuangalie. Halafu wewe ukae katikati, usiwe karibu na moja kuliko nyingine. Hii room ni ndogo, bana, lazima tuidanganye."

Wakaidanganya. Walitandika zulia, wakatundika blanketi zito ukutani nyuma ya kochi, wakasogeza spika huku na huku mpaka Mwanarusi akachoka kuuliza wanatafuta nini. Kisha Jumapili moja mwaka wa tisini na tano, Salim alipoisukuma spika ya kushoto upana wa kidole, spika zikapotea. Zilikuwepo, aliziona, lakini sauti haikutoka tena kwenye mbao. Mwimbaji alisimama katikati, mbele ya ukuta mtupu, kwa urefu wa mtu kabisa. Gitaa la solo lilikuwa upande wa kushoto, dirishani. Gitaa la pili lilikuwa kulia, karibu na mlango. Tarumbeta zilipiga kutoka mbali, nyuma ya ukuta, kana kwamba nyumba ilikuwa na ukumbi ambao mwenye ploti hakuujua.

"Mama Zahra! Njoo umwone!" alimwita mkewe kwa jina la binti yao.

Mwanarusi aliingia kutoka jiko la uani, mwiko mkononi. "Nimwone nani?"

Salim alinyoosha kidole kwenye ukuta mtupu. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, naye alikuwa anacheka.

Mwaka mzima ulipita vizuri. Kila Jumapili alioga, akavaa shati safi, akaketi kwenye kochi lake, na mwimbaji akaja akasimama mahali pake.

Halafu mwimbaji akaanza kuhama.

Mwanzoni ilikuwa kidogo, kama mtu aliyebadilisha mguu wa kuegemea. Salim alidhani zulia limevutika. Alilinyoosha. Baada ya wiki kadhaa mwimbaji alikuwa amesogea kulia, kuelekea mlangoni, na gitaa la dirishani lilikuwa limenywea. Salim aliisogeza spika ya kushoto karibu. Akabadilisha waya. Akabadilisha sindano ya santuri. Akashuku pazia, akalitoa, akalirudisha. Akazungusha kitufe cha balansi kuongeza nguvu ya kushoto. Sauti zikalingana kweli, lakini mwimbaji hakurudi. Alitawanyika tu kama moshi, asiwe na pa kusimama. Jumapili za Salim zikawa za kupiga magoti sakafuni na futi kamba mkononi.

"Baba Zahra, si ni wimbo tu?" Mwanarusi alimuuliza siku moja.

"Ameegemea mlango. Humsikii? Ameegemea mlango kabisa!"

Alikuwa amepaza sauti. Siku hizo alipaza sauti mara nyingi, na Mwanarusi alidhani ni hasira.

Mwishowe alimwita Kagwe. Fundi alikuja na mkoba wake, akafungua ampulifaya, akapima, akafunga. Kisha akabadilisha nyaya, wa kushoto akaupeleka kulia na wa kulia akaupeleka kushoto.

"Kama ugonjwa uko kwa mashini," alisema, "sasa atahamia dirishani."

Waliweka santuri. Magitaa yalibadilishana mahali, ila mwimbaji alibaki mlangoni.

"Basi ni spika."

Wakabadilisha spika zenyewe, wakizibeba moja moja wote wawili huku jasho likiwatoka. Mwimbaji alibaki mlangoni. Kagwe alikuna kichwa, akamwomba Salim ampishe kochi. Akaketi, akafumba macho, akasikiliza wimbo mzima. Alipofumbua macho hakumtazama rafiki yake.

"Vipi?" Salim aliuliza. "Umemsikia? Yuko mlangoni?"

"Salim, hebu tujaribu kitu," Kagwe alisema polepole. "Geuza kochi. Kaa ukizipa spika mgongo."

Salim alicheka, akadhani ni mchezo wa mafundi. Akageuza kochi, akaketi akitazama blanketi. Kagwe akarudisha sindano mwanzo. Wimbo ukaanza, na mwimbaji, aliyekataa kuondoka mlangoni kwa miezi yote ile, alikuwa ameenda dirishani. Alikuwa amemfuata Salim. Popote sikio la kulia lilipogeukia, ndipo alipokwenda.

Salim aliketi vile vile, mikono magotini. Nyuma yake Kagwe alizima stereo.

"Mimi namsikia katikati, ndugu yangu," Kagwe alisema. "Amekuwa katikati wakati wote."

Daktari wa masikio huko Thika alimvalisha vidude vya kusikilizia, akamwambia ainue mkono kila asikiapo mlio. Mkono wa Salim ulikaa chini muda mrefu sana. Ni kelele za mitambo, daktari alieleza. Zimeua mishipa ya sikio la kushoto, na la kulia limeanza kuguswa.

"Dawa ipo?"

"Kwa hii, hapana. Toka kwenye kelele tu, uokoe lililobaki."

Siku iliyofuata Salim alimwendea msimamizi wake, Gichuru, akamwomba apelekwe stoo. Walijuana tangu zamani. Gichuru alimvuta nje ambapo wangeweza kusikizana, akasimama upande wake wa kulia bila kuambiwa.

"Unaona vile mitumba imejaa sokoni," alisema. "Wakubwa wanatafuta majina ya kupunguza. Nikienda na lako niseme huyu hasikii, unafikiri watakupeleka stoo?"

"Sasa nifanye nini?"

Gichuru alitazama geti. "Mimi pia sisikii vizuri, Salim. Sijamwambia mtu."

Wakarudi ndani. Salim alijaza pamba masikioni, ingawa alijua pamba haizuii kitu mbele ya kelele ile, akasimama kwenye mtambo wake kama kawaida.

Kwa wiki nyingi stereo haikuwashwa. Kisha Jumapili moja Mwanarusi mwenyewe ndiye aliyeiwasha. Alikaa kwenye kochi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akamwita mumewe, na alipoona hakusikia akasimama, akazunguka upande wake wa kulia, akamwita tena.

"Nifundishe," alisema. "Mimi nitakuambia wamesimama wapi."

Mwanarusi alirudi kochini, na Salim akachuchumaa kando yake. Kwake wimbo ulikuwa umerundikana mlangoni, wote pamoja, kama watu waliokimbilia mvua.

"Mwimbaji yuko wapi?"

Mwanarusi alikunja uso, akasikiliza kwa bidii. "Katikati."

"Gitaa la solo?"

Alinyoosha kidole dirishani. Macho yake yalikuwa usoni kwa Salim, yakiuliza kama amepatia. Salim akajua kwamba mkewe hasikii lolote pale, kwamba anabahatisha, kwamba anakumbuka tu yale ambayo yeye Salim aliwahi kumwambia.

"Ndiyo," akasema. "Hapo hapo. Na tarumbeta?"

"Nyuma," alisema Mwanarusi. "Mbali kidogo."

"Ndiyo."

Wakaendelea hivyo, yeye akiuliza na mkewe akinyoosha kidole, mpaka upande wa kwanza wa santuri ukaisha.