Baruti Kavu, Kamera Kavu

Watu wa mji wetu wa Khemisset, huku Moroko, wakiiona kamera yangu siku ya mvua, hucheka kwanza ndipo waulize. Nimeivalisha mfuko wa plastiki wa kufungia mkate, nikaukaza kwa mipira myembamba ya kufungia. Juu yake nimeiwekea kofia ya nailoni ya kuogea hamamuni, yenye maua mekundu. Mbele ya lenzi kuna kopo la mtindi nililolikata kitako na kulipaka rangi nyeusi, lizuie matone yasipige kioo. Ndani ya mkoba nimetia vile vipakiti vya chembechembe za kunyonya unyevu vinavyowekwa kwenye maboksi ya viatu. Mjomba wangu anauza viatu, hunipa bure. Ukijumlisha vyote havifiki bei ya chai ya watu wanne. Mwenye kucheka na acheke, akichoka ataacha.

Mwaka ule dada yangu Yamna aliongoza kikosi cha wanawake kwenye tamasha la farasi. Wapanda farasi kumi na mmoja wanatimua mbio bega kwa bega, kisha wote wanafyatua bunduki juu kwa pamoja. Usikike mlio mmoja tu. Mmoja akichelewa, hata kidogo, kazi yote imeharibika.

Baba yetu, Ba Bouazza, aliongoza kikosi cha wanaume mpaka magoti yakamkataa. Alikuwa na neno moja tu kuhusu kikosi cha Yamna.

"Kupanda watapanda. Lakini bunduki za wanawake kulia pamoja? Zitapasuka moja moja kama bisi kikaangoni."

Akakataa kuja. Nilimkasirikia mpaka nikashindwa kula. Yamna hakukasirika, aliumia, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

"Nikirudi na kombe atasema majaji wametuonea huruma," aliniambia akimfunga farasi tandiko. "Yeye anaamini macho yake tu. Batoul, niletee moto wa bunduki zote kwenye picha moja. Akiona hivyo hatakuwa na la kusema."

"Na mvua je?"

"Mvua ni shughuli yako. Yangu ni farasi."

Mvua ikaja kweli, ya kumwagika. Uwanja ukawa tope tupu, na majaji wakatangaza kwamba kila kikosi kitapiga mbio moja tu, kisha basi. Wapiga picha wote wakakimbilia hema la wageni, wakajipanga kuzunguka jiko la mkaa na mabirika ya chai ya nanaa. Aliyeketi karibu zaidi na moto alikuwa Abdelhaq, mpiga picha wa tamasha, na kamera yake ya bei ya ng'ombe mzima.

"We binti, ingia!" aliniita. "Hiyo kamera itaoza huko nje."

"Ikitoka kwenye baridi ikaingia kwenye mvuke wa mabirika, kioo kitatoka jasho."

"Loo! Kumbe kamera ina makwapa!"

Hema zima likaangua kicheko. Nikamwambia anywe chai yake taratibu asije akapaliwa, nikabaki nje, nimelowa mpaka mifupani.

Yamna akanijia akimvuta farasi, uso umemkunjamana.

"Baruti imeanza kuvuta unyevu. Nipe vile vipakiti vyako."

"Vyote?"

"Bunduki zisipolia utapiga picha ya nini? Ya masharubu ya majaji?"

Nikampa vyote. Mkono ulikuwa mzito, sitaficha. Sasa nilibaki na plastiki, kopo la mtindi na kofia ya maua, basi. Nikaugeuzia upepo mgongo, nikaifunika kamera kwa kifua bila kuibana, na kila mara nikifuta ukingo wa kopo kwa kitambaa cha hamamu.

Kikosi cha Yamna kikaitwa.

Walijipanga mwisho wa uwanja, majoho yao meupe yameloa na kuwagandia. Ndani ya hema nikasikia vurumai, wapiga picha wanatoka mbio. Yamna akapaza sauti. Farasi wakaondoka pamoja, tope likaruka hadi kwenye vilemba vyao. Nilipiga goti kwenye dimbwi. Nilijua nikisubiri mlio nitakuwa nimechelewa, kwa hiyo nikamkazia macho Yamna peke yake. Aliposimama juu ya vikuku vya tandiko, akavuta pumzi na kuinua bunduki, nikabonyeza kitufe na kukishikilia.

Mlio ukawa mmoja. Mmoja tu! Niliusikia mpaka tumboni, na nikapiga kelele kama mwendawazimu.

Pembeni yangu Abdelhaq alikuwa akisugua lenzi kwa shati. Kioo chake kilikuwa cheupe kama maziwa ya mgando.

"Dada," akasema kwa sauti ndogo, "wewe umepata?"

"Ahaa, leo nimekuwa dada!"

Kisha nikamwonea huruma, nikampa kofia yangu ya akiba. Ilikuwa na vipepeo. Akaivalisha kamera yake ya ng'ombe mzima.

Kikosi kilishika nafasi ya pili. Majaji wale nimeshawasamehe, kidogo.

Tulimkuta Baba anakunywa supu ya harira. Nikamwekea kamera mbele yake, picha imejaa kioo. Akavaa miwani. Akasogeza kidole kutoka mtutu hadi mtutu, na kila mtutu ulikuwa na ua lake la moto.

"Hujaunganisha picha hapa?"

"Ni moja, Baba."

Akapita tena kwa kidole, safari hii polepole. Yamna alikuwa amesimama mlangoni na tope lake lote, hathubutu kuingia.

"Huyu wa mwisho kushoto," Baba akasema, "kiwiko kimeshuka."

Damu ikanipanda. "Baba! Baada ya yote haya wewe unaona kiwiko?"

"Wewe nyamaza, sisemi na wewe." Akamgeukia Yamna. "Kesho asubuhi walete wote uwanjani. Hicho kiwiko nitakinyoosha mwenyewe. Na mimi mnitafutie farasi mpole."

Yamna, ambaye hakulia kwa mvua wala kwa majaji, akakaa chini palepale na buti zake, akaangua kilio. Mama akapiga vigelegele hadi majirani wakaja mbio wakidhani kuna posa.

Tukawaambia posa si kitu mbele ya hili: Baba anarudi uwanjani.