Baunsa Aliyekataa Kuanguka

Shemeji yangu Percival Broussard alicheza mpira wa Kimarekani mpaka goti lake likasema basi. Kazi yake haikuwa kukimbia na mpira wala kuudaka. Alisimama mbele ya mrushaji wa mpira kama ukuta, akizuia majitu yaliyotaka kumvunja mwenzake mbavu.

Alipostaafu, akatangaza mezani kwetu New Orleans, mdomo umejaa wali na maharage: "Nakwenda Los Angeles kuigiza filamu."

Dada yangu Odette alicheka mpaka akapaliwa. "Wewe? Siku ya harusi yetu ulisahau hata kusema ndiyo!"

Lakini kazi akapata, nami nikamsindikiza. Alipewa kuigiza baunsa wa kasino. Nyota wa filamu, Corbin Vail, kijamaa kifupi chenye maringo, angemsukuma, naye aanguke. Hakuwa na hata neno moja la kusema.

Kamera zilipowashwa, Corbin akaja mbio, akamsukuma kifuani. Percival hakutikisika. Corbin ndiye aliyerushwa nyuma, akakalia chungu cha maua.

"Kata!" akapaza sauti mwongozaji, mama mmoja aitwaye Rosalind. "Bwana Broussard, wewe ndiye wa kuanguka!"

"Samahani, mama. Mwili umekataa."

Wakarudia. Safari hii mikono ya Percival ikajiinua yenyewe, ikamkumbatia nyota na kumlaza sakafuni taratibu, kama mtoto aliyesinzia.

"Ananidhalilisha!" Corbin akafoka akiwa chali.

Nikamvuta shemeji pembeni. "Legeza magoti bwana, jifanye umelewa!"

"Nikianguka, mrushaji ataumia," akasema, machozi yakimlengalenga.

"Mrushaji gani? Hapa hayupo!"

"Mimi najua. Uambie mgongo wangu."

Nilipogeuka, wapiga picha walikuwa wameshika mbavu kwa kicheko, na Rosalind anajifuta machozi. "Acheni hivyo hivyo," akasema. "Corbin, utaanguka wewe."

Corbin akasusa, akajifungia kwenye gari lake. Alitoka pale tu Rosalind alipomwambia kwamba, asipotaka, sehemu yake yote atapewa baunsa.

Filamu ilipoonyeshwa, ukumbi wa sinema ulilipuka kwa vicheko. Percival, kando yangu, alikunja uso kwanza, kisha akaanza kucheka kuliko wote.

Sasa ameitwa tena, aigize mwalimu wa dansi. Anafanya mazoezi jikoni, Odette akimhesabia hatua, na jirani wa ghorofa ya chini ameshakuja kuuliza kama tunahamisha friji.