Mgongo na Macho, Wapi na Wapi

Watu wa Ihanda waliokwenda kumpa pole Ferista, wanakwaya wenzake wakiwa wa kwanza, wote waliuliza habari za mgongo. Wala si kosa lao. Hospitalini walisema mtoto wake ana homa ya uti wa mgongo, basi kila aliyefika alimgeuza Ikupa, akampapasa kuanzia shingoni mpaka kiunoni, akauliza panauma wapi. Ikupa, mwenye miaka tisa na mdomo wa mtu mzima, aliwajibu kwamba mgongo haujamuuma hata siku moja, kilichomuuma ni kichwa na shingo. Habari za macho hakuna aliyeuliza.

Macho yenyewe yalikuwa mazuri tu, maangavu, ukiyamulika tochi yanafumba. Ndiyo maana wiki ya pili baada ya kuruhusiwa, Ferista alipomwekea ugali na mtoto akasema, "Mama, sahani iko wapi?" alidhani ni utani. Akamwambia iko hapo mbele yako. Ikupa akapapasa mkeka. Mara kuku akakatiza mlangoni, na Ikupa, bila hata kugeuza shingo, akasema, "Kuku huyo anaingia."

Hapo Ferista akamzaba kofi. Hatumtetei, lakini mama huyu alikuwa amekesha siku kumi na moja pembeni ya kitanda cha hospitali akiomba mtoto asife, na sasa mtoto anamchezea.

Witness, wifi yake wa nyumba ya pili, alikuwa na jibu tayari, maana Witness hajawahi kukosa jibu.

"Huyo hataki shule," alisema. "Homa ya mgongo iingie machoni? Mgongo na macho wapi na wapi? Jumatatu mpeleke, na fimbo uibebe."

Ferista aliitikia kwa mdomo tu. Moyoni kulikuwa na kitu kinamkereketa. Mtoto anayejifanya haoni angemwacha kuku apite kimya. Huyu alimtaja mwenyewe, tena kwa furaha. Ni mwongo gani anayejichongea hivyo? Kama haoni, kuku kamwonaje? Na kama anaona, sahani kaikosaje? Swali hilo alilala nalo na akaamka nalo.

Asubuhi alikuwa kwenye kichanja anageuza kahawa iliyoanikwa, Ikupa amekaa kwenye kigoda karibu yake.

"Mama, nani kaanika kanga ya njano?"

Ferista akainua kichwa. Kanga ilikuwa kwenye kamba, hatua kumi kutoka hapo, upepo unaipeperusha.

"Unaiona?"

"Ndiyo." Upepo ukatulia. Ikupa akakunja uso. "Umeianua?"

Kanga ilikuwa palepale, haijaguswa na mtu.

Ferista akaiacha kahawa. Akachukua bakuli jekundu, akaliweka chini mbele ya mtoto. Ikupa hakuona kitu. Akalisukuma likabingirika. "Kitu chekundu hicho," alisema Ikupa. Bakuli likasimama. "Kimepotea." Akajaribu kwa chungwa, kwa ndala, kwa mkono wake mwenyewe, na ikawa vilevile. Kwa mtoto huyu, kinachotembea kipo, kilichotulia hakipo. Ferista alinogewa na majaribio yake mpaka maharage yakaungua jikoni, na wala hakujali.

Jumatatu Ikupa hakwenda shule. Walirudi hospitali, na Ferista akamweleza Daktari Clement yote, tangu kuku mpaka ndala. Daktari hakucheka. Alipitisha kalamu mbele ya mtoto, akaisimamisha, akaipitisha tena.

"Mama, mwanao hasemi uongo," alisema. "Macho ni mazima. Lakini macho yanapokea tu. Anayeona ni ubongo, sehemu ya huku." Akagusa kisogo chake.

"Daktari, mbona mlisema ni uti wa mgongo?"

"Hilo jina linatupotosha. Utando unaofunika uti wa mgongo ndio huohuo unaofunika ubongo, hauna mpaka. Ukivimba, ubongo nao huumia. Wengine huharibika mshipa wa fahamu wa jicho, wengine wanapoteza kusikia. Ikupa ameumia pale pa kuonea, ila inaonekana imebaki njia ndogo ya kuona vinavyotembea."

"Ataona tena?"

"Wapo watoto wanaorudi kidogo kidogo. Wengine hawarudi. Siwezi kukuahidi. Tutampeleka kwa bingwa wa macho, tumpime na masikio."

Walifika nyumbani mchana. Ferista alikuwa na swali moja ambalo hakumuuliza daktari, kwa sababu halikuwa la daktari.

"Ikupa, na mimi unaniona?"

Mtoto akafikiri. "Ukipita, ndiyo. Ukisimama kunitazama, unapotea."

Tangu mtoto aruhusiwe, Ferista hakuwa na kazi nyingine ila hiyo, kusimama mbele ya mwanawe, kimya, akimkazia macho ajue kama anaona. Hata siku ya ugali alisimama hivyo. Kofi lile mtoto alipigwa na mtu aliyekwisha kumpotea.

"Nisamehe, mwanangu," alisema. "Sikujua."

Sasa, Ferista kwenye kwaya huwekwa mstari wa nyuma. Sauti anayo, ila mwili hauna habari. Mwalimu wa kwaya amemsihi miaka sita acheze, amechoka. Ikupa ndiye mchezaji, hatua zote anazijua. Lakini mchana huo, katikati ya uwanja, Ferista alianza wimbo wa Jumapili, akayumba kulia, akayumba kushoto, akarusha mikono. Witness alitokeza kichwa uani kwake akauliza kulikoni. Ferista akazidi kuyumba.

Ikupa alikuwa anamfuata kwa macho, kulia na kushoto. Kisha akaziba mdomo kwa mkono, anacheka.

"Mama," alisema, "umekosea mguu."

Ferista akaanza upya, na mguu wa kushoto.